Maji Yaliyodondoka Nyuma ya Mochwari

Poli, Meru,
Arusha.
Tarehe 14 Agosti, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kaanaeli,

Marahaba. Najua hujaniamkia, na tangu mwezi wa tano simu zangu hupokei, lakini mimi nimeitikia hivyo hivyo. Shikamoo yako kwangu ipo hata kama umeibakiza mdomoni.

U mzima huko Mpika? Ule mguu unaokuvimba ukikaa sana kwenye basi umepungua? Wifi yangu Maria hajambo? Na watoto na wajukuu, wale ambao majina yao nayachanganya kila siku, wote wanaamka salama? Mimi nipo. Magoti yananisumbua na hii baridi, na jino moja la nyuma limeanza kucheza, lakini nakula, nalala, na kanisani nafika, ingawa siku hizi nafika wakati wa somo la pili.

Ukungu mwaka huu umekaa mlimani kama umelipiwa pango. Mpaka saa tano huoni migomba ya jirani. Kahawa imechelewa kuiva kwa ajili hiyo. Ng'ombe wangu mwekundu kazaa dume, tena dume, ni la tatu hilo, mpaka nimeanza kumtilia mashaka yule fundi wa kupandisha kwa sindano. Anakuja na kibuyu chake cha moshi, anasema mama hii ni mbegu ya jike. Nitajuaje? Kibuyu kimefungwa.

Anayeniandikia ni mwalimu Magreth, yule aliyekuwa anafundisha chekechea ya usharika. Sasa amestaafu. Nimemwambia aandike nilivyosema, asininyooshee maneno. Amekubali. Ila namwona mimi nasema mengi yeye anaandika machache, kwa hiyo kila baada ya kitambo namwambia, mwalimu, nisomee hapo. Amekasirika kidogo. Na akasirike.

Barua hii anakuletea Jamaldini, mtoto wa Swabaha wa Sokon One, yule anayepeleka mzigo Zambia. Lori lake analilaza Kisongo, nimemfuata mwenyewe mpaka pale nikamwambia asimpe mtu mwingine hata akisema ni mwanao. Kwenye simu sikutaka. Simu mtu anaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia, halafu ukikata hakuna kinachobaki. Hili nataka ulisome, ukimaliza ulisome tena.

Kaanaeli, barua yako kwa wazee wa ukoo imefika. Mzee Dismasi ameisoma mbele yetu, na nimemwambia arudie. Umeandika kwamba Tabitha, mke wa marehemu ndugu yetu Sifaeli, alimzika mumewe haraka haraka ili wewe usikute mwili, usiulize, na kihamba cha baba, shamba letu la migomba na kahawa, kiwe chake. Umeomba wazee wakae wakigawe, na Tabitha arudi kwao. Wamekubali kukaa. Wamepanga Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa.

Sasa nisikilize mimi. Nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Na nitaanza na lile kabati, maana bila kabati hutaelewa.

Unaikumbuka ile hospitali ya huku chini, njia ya kwenda lami, ambako Sifaeli alifia. Zamani, umeme ukikatika, walikuwa na jenereta. Jenereta lile lilikuwa linanguruma, unalisikia mpaka huku kwetu kwenye migomba, na moshi mweusi unapanda. Likilia, wote tunajua chumba cha upasuaji kina taa, dawa za watoto ziko kwenye ubaridi, na waliolala mochwari wamelala salama. Likinyamaza, mtu anaanza kuuliza. Ndivyo tulivyolizoea.

Mwaka huu mwezi wa pili likaondolewa. Walikuja watu na gari, wakashusha kabati. Kabati la bati la rangi ya maziwa, urefu wa mtu, lina matundu ubavuni kama banda la kuku. Wakalisimamisha nyuma, ukutani kwa mochwari. Pembeni wakajenga kibanda cha wavu, ndani yake mitungi mirefu imefungwa minyororo kama wafungwa. Halina dizeli. Halina moshi. Halina kelele. Nikauliza, sasa hilo linakula nini? Wakasema linakula gesi. Nikasema kama gesi ya kupikia? Wakasema hapana, gesi nyingine, na haichomwi. Gesi haichomwi! Mimi nimepika miaka sitini, sijaona kitu kinatoa nguvu bila kuchomwa.

Tangu siku hiyo sikulipenda. Kila nikipita kwenda kliniki ya presha nalitazama, nalo kimya. Niliwaambia watu, kitu kinachokaa kimya hivyo kina jambo. Wengine walicheka. Wengine, nakwambia, walinyamaza, maana na wao walikuwa wanalitazama hivyo hivyo.

Sasa Sifaeli akafariki, Jumamosi ile ya mwezi wa tano. Ukapigiwa, ukasema, nisubirini, Ijumaa naingia, tuzike Jumamosi nyingine. Wote tulikubali. Hata Tabitha, na yeye ndiye alisema kwanza kwamba shemeji lazima aweke udongo. Hilo la Tabitha kusema kwanza naomba ulishike.

Jumapili ikanyesha ile mvua. Huku juu mti mkubwa wa mringaringa ukaangukia waya, nguzo tatu chini, na barabara ikakatika pale kwenye mfereji mpaka vijana walipoijaza mawe Jumatano. Umeme ukaenda. Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Simu za watu zikazimika moja moja. Yako ilikuwa haipatikani, ulikuwa njiani huko Tunduma.

Jumatano asubuhi nikashuka hospitali na Tabitha kupeleka suti ya marehemu. Yeye akaingia ofisini na makaratasi. Mimi nikazunguka nyuma, nikasema ngoja nikasimame karibu na ndugu yangu kidogo.

Kaanaeli, kimya. Siku tatu hakuna umeme mlima mzima, halafu nafika mochwari nakuta kimya kama kanisani siku ya Jumanne. Nikanusa, hakuna moshi. Nikatazama lile kabati, limesimama tu. Unamkumbuka yule mzee jirani yetu wa bondeni, miaka ile dizeli ilipoisha na hakuna aliyesema? Wewe ulikuwa Zambia, hukuona. Mimi niliona. Jeneza lilizungushiwa nailoni, kwaya ikaimba imesimama upande wa juu kukwepa harufu, na mkewe hakupewa nafasi ya kumwona. Yule mama mpaka amekufa hakusahau.

Sasa niko pale nawaza hayo, natazama chini, naona maji.

Kuna kibomba kidogo kinatoka ukutani, kati ya kabati na mochwari. Kinadondosha. Tone, tone, tone, kwenye kijimfereji cha sementi. Na hayakuwa machache, yalishatengeneza njia mpaka kwenye majani. Nikainama na magoti yangu haya, nikayagusa. Ya vuguvugu. Vuguvugu, Kaanaeli, asubuhi ile ya baridi! Nikajiambia, basi. Friji imekufa, barafu imeyeyuka yote, na huko ndani kumeshakuwa na joto. Na wanatuficha.

Akatoka Khalfani, yule anayehudumia mochwari, mtu mpole, unaweza usimsikie akipita. Nikamwambia, "Khalfani, jenereta liko wapi?"

"Shikamoo mama. Lilishaondolewa. Siku hizi ni hili kabati."

"Mbona halilii?"

"Haliliagi, mama. Linafanya kazi tangu Jumapili. Ona taa ile ya kijani."

"Taa! Redio yangu nayo inawaka taa na haisemi kitu. Na haya maji?"

Akasema, "Hayo ni ya kabati lenyewe, linayatoa likifanya kazi."

Nikamwambia wewe Khalfani, mimi nimechota maji mtoni, nimechota kwenye mfereji, nimechota bombani, lakini umeme unaotoa maji sijausikia. Umeme na maji ni maadui. Nifungulie nimwone ndugu yangu.

Akasema, "Utaratibu hauruhusu mama, mpaka siku ya kuchukua. Mlango ukifunguliwa ubaridi unatoka, na humo wamo na wa wenzio."

Mdogo wangu, ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mtu anakataa kufungua mlango. Mimi nilifikiri nilichofikiri.

Nikapanda nyumbani sikumsubiri hata Tabitha. Nikakuta wazee wamekaa kwenye turubai, kina mama wanamenya ndizi. Nikasema mbele ya wote, tumzike kesho. Mzee Dismasi akashangaa, akauliza, na Kaanaeli je? Nikamjibu, hospitali wamesema tumchukue mara moja.

Hapo mwalimu Magreth amesimamisha kalamu ananitazama. Nimemwambia andika.

Hospitali hawakusema. Nilisema mimi. Nilijua nikiwaambia habari ya maji na ukimya, wataanza kubishana mpaka jioni, mwingine atataka kwenda kuona, mwingine atamtetea Khalfani, na mimi niliona siku inakwenda na ndugu yangu anaharibika. Nikachukua njia fupi.

Tabitha akarudi akakuta tayari wanapanga. Akanivuta jikoni. Akaniambia, "Wifi, nani kasema kesho? Mimi nimetoka ofisini sasa hivi hawajaniambia kitu. Khalfani kanionyesha kipimo mlangoni, ndani kuna baridi. Tumsubiri shemeji."

Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayajutia. Nilimwambia, "Wewe ulimkuta mkubwa. Mimi nilimbeba mgongoni. Kaa na kipimo chako."

Mjane hawezi kushindana na dada mkubwa mbele ya ukoo, unajua ilivyo kwetu. Mchungaji akaitwa, vijana wakachimba kaburi, na mimi nikajiona nimemwokoa Sifaeli na aibu ya nailoni.

Alhamisi tukaenda kumchukua. Mlango ukafunguliwa, na mimi nilikuwa wa kwanza, nilishaziba pua na kitenge. Kaanaeli, ubaridi uliotoka pale ulinipiga usoni. Nikaondoa kitenge. Hakuna harufu. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso la Sifaeli. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, baridi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Mzuri, mdomo umefungwa vizuri, kana kwamba amelala tangu jana. Angeweza kukaa hivyo mpaka Jumamosi, na Jumamosi nyingine.

Khalfani alikuwa mlangoni. Hakunisuta. Alisema tu, "Umemwona, mama."

Nikasema, "Nimemwona. Mvalisheni."

Na hapo, mdogo wangu, ndipo kosa langu lilipo. Lile la Jumatano ni la mtu asiyejua. Hili la Alhamisi nilikuwa najua. Ningeweza kugeuka nikasema, jamani, nimekosea, mrudisheni ndani, tumsubiri Kaanaeli. Lakini nje gari linanguruma, kwaya imevaa, ng'ombe ameshachinjwa, na mimi ndiye niliyesema hospitali wamesema. Nilifikiria watu wangenitazamaje. Tukapanda naye mlimani, tukamzika saa nane, na wewe uko njiani kwenye basi.

Ijumaa jioni ukaingia. Uliingia na begi lako na koti la suti mkononi, limekunjwa vizuri ili lisikunjamane, la kuvaa kesho yake. Ukaona kaburi lina maua. Ukasimama. Hukulia. Ukaniuliza, "Dada, siku mbili zimewashinda?" Nikakwambia, hospitali.

Halafu ukamgeukia Tabitha. "Ulikuwa na haraka ya nini? Kihamba kinakimbia?"

Tabitha alinitazama mimi. Nilikuwa nimekaa na beseni la ndizi. Nikaendelea kumenya. Aliningoja, naapa aliningoja niseme, nikamenya ndizi tatu bila kuinua macho. Halafu akakwambia, "Nisamehe shemeji." Basi. Ukakataa chai yake, ukakataa na loshoro aliyokupikia, ukaenda kulala gesti kule chini Usa, na Jumapili ukaondoka bila kuniaga.

Tangu siku hiyo hajalitaja. Hata kwa kunisengenya, maana nimetega sikio, si unanijua. Nilidhani atasema kwa jirani. Nilidhani atasema kwa mchungaji. Nilikaa nikimwangalia kama mtu anayengoja mwizi arudi, nikisema huyu ananiwekea, siku moja atanitoa hadharani. Hakunitoa. Ananiletea uji, anauliza magoti yangu yameamkaje.

Mwezi wa sita nikasema hapana, lazima nilijue lile kabati. Nikashuka hospitali. Nikamkuta fundi wake, anaitwa Calvin, anabadilisha mitungi. Mtu mzima, ana kitambi kidogo, ana subira. Nikamwambia, baba, mimi ni mama mzee, sikusoma, nieleze kama unavyomweleza mkeo. Akacheka, akasema mke wangu mwenyewe haamini, mama.

Akanieleza hivi. Ile gesi ya kwenye mitungi inaingia upande mmoja. Hewa, hii hii tunayovuta, inaingia upande wa pili kwa yale matundu. Katikati kuna vitu kama makaratasi, vimepangwa vingi, kama kurasa za Biblia. Gesi na hewa zinakutana hapo kimya kimya, bila moto, na zikikutana umeme unatoka. Kinachobaki ni maji. Ndiyo jivu lake, akasema. Kuni zinaacha jivu, hili linaacha maji. Na kwa kuwa lina joto kidogo likifanya kazi, maji yanatoka ya vuguvugu.

Nikasema kwa hiyo yale maji yakidondoka...

Akasema, "Yakidondoka, mama, ujue friji iko hai. Siku usiyoyaona na umeme hakuna, ndiyo uje kupiga kelele."

Nilikaa chini, pale pale kwenye sementi. Calvin akadhani ni presha, akaniletea maji ya kunywa.

Lakini mimi si mtu wa kuambiwa mara moja. Nilimwambia, kama hayo ni maji safi hivyo, kinga kikombe unywe nione. Akacheka, akasema si ya kunywa mama, yamepita kwenye bomba. Hakunywa! Nimeliweka hilo kichwani. Mwezi wa saba umeme ulipokatika tena nikashuka. Nikaweka sikio kwenye kabati. Kwa kweli linanguruma, ila chini chini, kama paka aliyeshiba. Maji yanadondoka. Nikaenda mbele, nikakuta wodi ya wazazi taa zinawaka na kichanga kiko kwenye lile sanduku la joto, mama yake anakitazama kwenye kioo. Na Calvin anasema hata minara ya simu kule nyuma ya Kisongo, pasipo na nguzo kabisa, kuna mingine inakaa na makabati haya mwaka mzima, inabadilishiwa mitungi tu. Kwa hiyo linafanya kazi, sikatai. Bado naliangalia. Mitungi ikichelewa siku barabara ikikatika, je? Nilimuuliza, akajikuna kichwa. Akasema, ipo ya akiba. Nikasema ngapi? Akajikuna tena.

Hayo ya maji niliyajua mwezi wa sita, na bado sikukuandikia. Nilijiambia wewe hasira zitaisha, Tabitha amenyamaza, kaburi limefungwa, acha mambo yalale. Halafu ikaja barua yako kwa wazee.

Siku iliposomwa, Tabitha alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Hakulia. Kesho yake nikamwona anatoka na sufuria mbili kwenye kiroba. Nikamuuliza, unakwenda wapi na sufuria? Akasema nampelekea dada yangu Terrat, ameomba. Wiki iliyofuata ikaenda mashine ya kushonea. Juzi limeenda sanduku la nguo. Anahama, Kaanaeli. Anahama kidogo kidogo ili siku ya wazee asiondoke na mzigo watu wakimtazama. Miaka thelathini na nane ameishi kwenye kihamba kile, ile mibuni ya chini kaipanda yeye akiwa na mimba, na anahama kwa kosa langu.

Sasa nakwambia neno moja, na mwalimu aliandike kwa herufi kubwa kama anaweza: MIMI NDIYE NILIYEMZIKA SIFAELI KABLA HUJAFIKA. Si Tabitha. Si hospitali. Si Khalfani, ambaye watu hapa walianza kusema friji yake mbovu, na mimi nikawaacha waseme. Kabati lenyewe halikuwa na kosa. Liliyatoa maji yake, mimi nikayasoma vibaya.

Jumamosi hiyo nitasimama mbele ya wazee niseme hivi hivi nilivyosema hapa. Uwepo usiwepo, nitasema. Wanaweza kunitoza wanachotaka, nimeshamtenga yule ndama dume. Lakini nilitaka wewe usikie kwanza, na usikie kwangu. Nakuomba uandike kwa Mzee Dismasi uondoe ombi lako, na umpigie Tabitha. Mimi usinipigie kama hutaki. Mpigie yeye, umwite shemeji kama zamani. Ningeweza kumwambia mimi asihame, na nimemwambia. Kanijibu, "Wifi, mwenye ukoo hajasema." Na mwenye ukoo sasa ni wewe.

Kukasirika, kasirika. Unayo haki. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikasirika unakwenda kukaa kwenye jiwe la mfereji mpaka mama akuite mara tatu. Mimi nakuita mara hii ya kwanza.

Na kuna kitu kingine ambacho sijamwambia mtu. Siku ile ya Alhamisi, watu walipokuwa wanatupia udongo, mimi nilikuwa nimeshajua. Nikaona udongo unakwisha pembeni na wewe hujaweka wako. Watu walipoenda kula, nilirudi na karai. Nikachota ule wa mwisho, ule mwekundu uliotoka chini kabisa kaburini, nikauweka chini ya kitanda changu nyuma ya debe la mahindi. Unajua watu wangesema nini wakimkuta kizee na udongo wa kaburi chumbani. Wangesema mengi. Kwa hiyo chumba nilikuwa nafagia mwenyewe. Na kaburi nimekataa lisiwekwe sementi. Wananiuliza kwa nini, nasema ngojeni kwanza.

Mwezi wa saba nililala siku nne na homa, nikashindwa kufagia. Tabitha akaingia na ufagio. Nilikuwa macho, nimejifanya nimelala. Nikamwona amepiga magoti, ameinama chini ya kitanda, ametulia hapo kitambo kirefu. Nikasema leo atapiga kelele, leo nimekwisha. Akasimama, akatoka. Nilipopata nguvu nikainama kutazama. Karai lilikuwepo. Alikuwa ameunyunyizia maji kidogo ule udongo usikauke ukawa vumbi, akaufunika na kipande cha kitenge chake.

Uje uuweke.

Msalimie sana wifi yangu Maria, mwambie kitambaa alichonipa nakivaa kila Jumapili ya meza ya Bwana. Wasalimie watoto na wajukuu mmoja mmoja, wewe unayajua majina. Hapa wanakusalimu Mzee Dismasi na mkewe, anakusalimu Agnela wa chini ya mfereji, aliyekuwa anakaa na wewe dawati moja, na mwalimu Magreth naye anakusalimu, amechoka mkono. Tabitha hajui kwamba nakuandikia, lakini nakupa na salamu zake, maana angejua angezileta.

Mungu wa baba yetu akulinde njiani, ukiwa unakuja. Akupe basi zuri na dereva asiyelala, akuvushe mpakani salama, na mguu usikuvimbe.

Ni mimi dada yako mkubwa ninayekupenda, uniamkie usiniamkie,

Ndeshi

(Nimeweka dole gumba hapa chini. Mwalimu amenisomea yote tangu mwanzo, na hajapunguza kitu.)